Fimbo, Hofu na Matokeo ya Mitihani



Kila mwanzo wa mwaka, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda litangazapo matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, nchi nzima hutulia kidogo ili isikilize. Watoto wa darasa la saba huwa wamefanya masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na elimu ya jamii. Aliyefaulu kupita wote hupata jumla ya pointi 4, yaani pointi moja kwa kila somo. Aliyeshindwa kabisa hufikia 36. Kwa siku kadhaa hesabu hizo huwa ndiyo mazungumzo ya sokoni, ya ndani ya teksi na ya nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Jamaa walio mbali hupigiwa simu. Shule zilizotia fora huwa na wazazi wengi mlangoni, na zile zilizoanguka huwa kimya, kama nyumba yenye msiba.

Hapo ndipo sababu zinapoanza kutafutwa. Shule ile imefaulu kwa kuwa ina vitabu vya kutosha. Ile nyingine imeanguka kwa kuwa iko kijijini, au kwa kuwa walimu wake ni wachache, au kwa kuwa wazazi hawakuchanga. Hayo yote yana ukweli ndani yake, na hakuna awezaye kuyapuuza. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu halitajwi, pengine kwa sababu halinunuliwi dukani wala halina nafasi katika bajeti. Jambo lenyewe ni hali anayoikuta mtoto mara apitapo lango la shule asubuhi. Je, huingia akiwa na hamu au akiwa na hofu? Akikosea hesabu ubaoni, huelekezwa au huchapwa? Na kama ana shida inayomsumbua, yuko mtu mzima katika shule hiyo ambaye mtoto anaweza kumwendea bila ya kutetemeka? Wataalamu wa elimu huyakusanya hayo yote katika jina moja, mazingira ya shule, nao kwa jina hilo humaanisha mengi zaidi ya majengo, uzio na miti iliyopandwa uwanjani.

Katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, mazungumzo yoyote juu ya mazingira ya shule hayawezi kwenda mbali kabla ya kukutana na fimbo. Wazee husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na husema pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wako watu wazima wengi, wenye vyeo na heshima zao, ambao husimulia kwa fahari jinsi walivyochapwa shuleni, na huongeza kuwa bila ya bakora zile wasingalifika walipofika. Ni hoja yenye nguvu kwa sababu inatoka kwa watu waliofaulu. Kasoro yake ni kwamba waliochapwa vilevile katika darasa lilelile, kisha wakaacha shule kwenye darasa la nne au la tano, hawaalikwi kutoa hotuba.

Kisheria, jambo hili nchini Uganda lilikwisha amuliwa zamani. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kukataza adhabu ya viboko mashuleni, na hata kabla ya hapo, mnamo mwaka 1997, katazo la namna hiyo lilikwisha tolewa. Hatimaye mwaka 2016 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Watoto, na kumchapa mtoto shuleni kukawa ni kosa ambalo mwenye kulitenda anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, sheria ipo, tena ni kali. Lakini sheria hukaa Kampala, na fimbo hukaa juu ya kabati la mwalimu.

Jinsi fimbo hiyo ilivyokuwa ikitumika ilidhihirika wazi mwaka 2012, katika wilaya ya Luwero. Wengi huikumbuka Luwero kwa vita vya miaka ya 1980, vilivyoacha mashamba ya kahawa yakiwa magugu na familia nyingi zikiwa hazina watu wake. Siku hizi ni wilaya ya kawaida ya wakulima, kaskazini ya Kampala, ambayo shule zake za msingi zinafanana na zile za mahali pengi nchini. Watafiti kutoka Chuo cha Afya na Magonjwa ya Nchi za Joto cha London, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, walikwenda katika shule 42 za wilaya hiyo na kuzungumza na wanafunzi wa madarasa ya tano, ya sita na ya saba. Zaidi ya watoto 90 katika kila 100, wavulana kwa wasichana, walisema wamewahi kupigwa na mwalimu au mfanyakazi mwingine wa shule. Zaidi ya nusu walisema wamepigwa katika muda wa juma moja lililopita. Hiyo ilikuwa ni miaka sita baada ya ule waraka wa wizara.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine ambalo yafaa walitafakari wale wanaoamini kuwa kiboko huongeza maarifa. Wasichana waliokuwa wamepigwa katika juma lile walionekana zaidi miongoni mwa wale wenye kufanya vibaya katika masomo. Kwa wavulana uhusiano huo haukuonekana vivyo hivyo, ijapokuwa wao, sawa na wasichana, walionekana kuwa na dhiki zaidi ya moyo na ya akili. Bila shaka mtu anaweza kuuliza: je, ni kipigo kilichowafanya washindwe, au walipigwa kwa kuwa walikuwa wakishindwa? Ni swali la haki, na kwa maswali ya siku moja halijibiki. Njia ya kulijibu ni kubadili jambo moja na kungoja matokeo yake.

Ndivyo ilivyofanyika. Shule hizo 42 ziligawanywa kwa kura katika mafungu mawili yaliyo sawa. Shule 21 ziliingizwa katika mpango uliotungwa na shirika la Raising Voices lenye makao yake Kampala, na 21 nyingine ziliendelea kama kawaida, zikiahidiwa kupata mpango huo baadaye. Mpango wenyewe haukuwa na ufundi wa ajabu. Haukuleta fedha nyingi wala majengo mapya. Kila shule iliteua walimu na wanafunzi wa kuuongoza. Walimu na watoto walikaa pamoja wakazungumza juu ya shule wanayoitaka, wakapanga kanuni za mwenendo, wakaanzisha namna za kuamua makosa ambamo watoto wenyewe wana sauti, wakatafuta adhabu zinazomfundisha mtoto bila ya kumuumiza. Kuta zilichorwa picha na maneno. Wazazi waliitwa. Mambo hayo yaliendelea kwa miezi 18, yakifanyika kidogo kidogo katika maisha ya kila siku ya shule, na baadhi ya shule ziliyafuata kwa bidii kuliko nyingine.

Mwaka 2014 watafiti walirudi, wakazungumza na wanafunzi 3,820. Katika shule zilizokuwa nje ya mpango, karibu nusu ya watoto walisema wamepigwa na mtu mzima wa shule katika juma lililopita. Katika shule za mpango, waliosema hivyo walikuwa 31 katika kila 100. Ni upungufu mkubwa kwa muda mfupi kama huo, na habari zake zilipochapishwa mwaka 2015 katika jarida la tiba la Lancet Global Health zilipokewa kwa shangwe. Hata hivyo, mwenye kusoma kwa makini hawezi kuacha kuona upande wa pili wa hesabu hiyo: hata pale palipofanywa juhudi ya mwaka mmoja na nusu, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa wamechapwa katika juma moja. Desturi ya vizazi haing'oki kwa semina.

Sasa basi, yalikuwaje masomo? Hapa ndipo habari ya Luwero inapokuwa na faida kubwa kuliko hadithi nyingi za mafanikio zinazosimuliwa kwenye mikutano. Watoto walipimwa katika kusoma, katika tahajia na katika hesabu. Wale wa shule za mpango walisema wanajisikia salama zaidi shuleni na wanaipenda shule yao zaidi. Lakini katika vipimo vya masomo hawakuwazidi wenzao. Alama zilikuwa karibu sawa.

Kwa haraka mtu anaweza kusema kwamba, kumbe, mazingira ya shule hayana uzito wowote katika masomo. Huko ni kuisoma habari kutoka mwisho usiofaa. Kumbuka, ndugu msikilizaji, hoja iliyoilinda fimbo kwa miaka yote hii. Hoja hiyo haikusema kuwa viboko vinapendeza. Ilisema kuwa vikiondolewa, watoto watalegea, darasa litakuwa kelele tupu, na alama zitaporomoka. Katika shule 21 za Luwero viboko vilipungua kwa kiasi kikubwa, na alama hazikuporomoka. Maelfu ya mapigo yaliondolewa, wala masomo hayakupoteza chochote. Basi ni faida gani iliyokuwa ikitolewa na mapigo hayo kila siku ya kazi, tangu Jumatatu hadi Ijumaa?

Na kwa nini alama hazikupanda? Jibu lake halihitaji utafiti mwingine ili lianze kueleweka. Kumwondolea mtoto hofu ni kama kulifungua jembe lililofungwa kwa kamba. Jembe huru halilimi peke yake. Panahitajika mkulima, na mbegu, na mvua. Mtoto asiye na hofu huwa tayari kufundishwa, lakini bado hajafundishwa. Kama mwalimu hayumo darasani, au yumo lakini ana watoto 100 mbele yake na vitabu vitano, au kama mtoto mwenyewe hajala tangu jana usiku, utayari wake utabaki kuwa utayari tu.

Hofu yenyewe si fimbo peke yake. Iko namna moja ya hofu ambayo watu wazima wa Uganda na Kenya wanaikumbuka vizuri, na ambayo haijatoweka. Ni ile ya lugha. Katika shule nyingi, mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao, au mfupa, au gunia kuukuu, akazunguka nalo mpaka amnase mwenzake aliyetenda kosa hilohilo ampokeze. Jioni ilipofika waliolivaa waliitwa mbele. Lengo lilikuwa Kiingereza kizuri. Lakini fikiria jinsi mtoto huyo alivyojifunza. Alijifunza kwamba kunyamaza ni salama. Mtoto aliyenyamaza hakosei sarufi, havishwi gunia, wala hamwonyeshi mwalimu wake mahali alipokwama katika hesabu za sehemu. Mwaka 2007 Uganda ilianza mtaala mpya wa madarasa ya chini, ambamo watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao, na darasa la nne likawa la kuvukia kwenda katika Kiingereza. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini wazazi wengi, hasa wa mijini, wameendelea kuzitafuta shule zinazojigamba kuwa mtoto wa miaka mitano huko hasikiki akisema neno la Kiganda, Kinyankole wala Kiacholi. Na mwalimu mkuu anayewategemea wazazi hao kwa karo huwapa wanachokitaka.

Hisabati ndilo somo linaloumia zaidi kwa kimya hicho. Historia mtu anaweza kuisoma kitabuni peke yake chini ya mwembe. Hesabu hufundishika kwa makosa: mtoto hufanya, hukosea, huonyeshwa pale alipopotea, hurudia. Darasa ambamo kosa hulipwa kwa kofi au kwa kicheko hukatisha safari hiyo kwenye hatua yake ya pili. Mtoto huanza kunakili jibu la jirani, mwalimu huona madaftari yamejaa majibu sahihi na huendelea na mada nyingine, na ukweli hujulikana siku ya mtihani wa taifa, wakati jirani ameketi mbali.

Yafaa sasa kumgeukia mwalimu, kwani mazingira ya shule ni yake pia. Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, wanafunzi waliokuwa karibu milioni 3 waliongezeka mpaka wakapita milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Ilikuwa ni hatua ya kishujaa, na mamilioni ya watoto wa maskini waliingia shule kwa sababu yake. Lakini walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo, wala madarasa. Mwalimu aliyezoea watoto 40 aliamka akakuta 110, wengine wameketi sakafuni, wengine wamesimama dirishani. Katika hali hiyo fimbo ilikuwa ndicho kifaa pekee alichokuwa nacho kilichowatosha wote. Hilo halikihalalishi kitendo chake, ila linaeleza kwa nini nyaraka za wizara hazikumsaidia: zilimnyang'anya kifaa zisimpe kingine.

Wengine walichagua kutokuja kabisa. Wachunguzi waliozitembelea shule za msingi za Uganda bila ya taarifa, mnamo miaka ya 2002 na 2003, walikuta kwamba kati ya walimu 100 waliopaswa kuwapo, 27 hawakuwapo. Mtu anaweza kuwalaumu, na wako wanaostahili lawama. Lakini mwalimu anayetembea kilomita nyingi kwa miguu kwa kuwa shule haina nyumba, ambaye mshahara wake hucheleweshwa, naye ana mazingira yake ya kazi, na hayo humfikia mtoto upesi kuliko waraka wowote. Mwaka 2022 jambo hilo lilijitokeza hadharani. Serikali iliamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenzao wa masomo ya sanaa wakabaki mbali nyuma. Mgomo ulifuata, ukawakumba pia walimu wa shule za msingi, na majuma ya masomo yakapotea. Serikali ilikuwa na sababu zake za kuitilia mkazo sayansi. Lakini katika chumba kimoja cha walimu, kwenye meza moja na birika moja la chai, waliketi watu wenye shahada zinazolingana na mishahara isiyokaribiana. Itakuwa ajabu kama wanafunzi hawakuiona hali hiyo katika nyuso za walimu wao.

Kuhusu chakula, maneno machache yatatosha, maana kila mzazi anajua. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeweka jukumu la kumlisha mwanafunzi mikononi mwa mzazi. Mzazi mwenye uwezo huchangia uji au posho na maharage; asiye na uwezo, mtoto wake hukaa nje ya foleni akiwatazama wengine. Huko Karamoja, kaskazini mashariki ya nchi, ambako Mpango wa Chakula Duniani umekuwa ukisaidia kuwalisha wanafunzi kwa miaka mingi, walimu wanajua jinsi sufuria linavyoita watoto kuliko kengele. Somo la saa nane mchana kwa mtoto mwenye njaa ni sauti ipitayo juu ya kichwa.

Iwapo hali ya shule ya msingi huonekana katika kimya cha watoto, ile ya shule ya bweni wakati mwingine huonekana kwa moshi. Jirani yetu Kenya ilipiga marufuku viboko mwaka 2001, lakini mwaka huohuo, mwezi wa Machi, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilichomwa usiku na wanafunzi, na wavulana 67 wakafa ndani yake. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Miaka 15 baadaye, katika muhula wa pili wa mwaka 2016, moto ulipita katika zaidi ya shule 100 za nchi hiyo, mabweni ndiyo yakilengwa zaidi. Wanasiasa walitoa sababu nyingi, kila mmoja ile iliyompendeza: ukali wa serikali dhidi ya wizi wa mitihani, simu za mkononi, dawa za kulevya, wazazi waliolegea. Waliowasikiliza wanafunzi walisikia mambo madogo zaidi na mazito zaidi: muhula uliorefushwa, mitihani ya majaribio, msongamano wa vitanda, chakula kibovu, na mwalimu mkuu ambaye hakuna aliyeweza kumfikishia lalamiko.

Haiwezekani kumtetea mtu achomaye bweni ambamo wenzake wamelala. Sheria ina kazi yake hapo. Hata hivyo inapaswa kuulizwa jinsi vijana wa miaka 16, waliochaguliwa kwa alama zao nzuri, wanavyofika mahali pa kuona kiberiti kuwa ndiyo njia ya kupeleka ujumbe ofisini. Tume na kamati zilizoundwa nchini Kenya tangu mwaka 1991 kuchunguza ghasia za wanafunzi zimerudia mambo yanayofanana, mojawapo likiwa ni kuwapo kwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusema na kusikilizwa. Shule zilizo na mabaraza ya wanafunzi ya kweli, ambayo viranja wake huchaguliwa na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu, zinajua faida yake. Uganda yenyewe haina haja ya kuinyoshea Kenya kidole. Mwezi wa Aprili mwaka 2008, wasichana wadogo 19 waliteketea katika bweni la shule ya msingi ya Budo, karibu na Kampala.

Kipimo kikubwa kuliko vyote cha mazingira ya shule za Uganda kilikuja mwaka 2022. Kwa sababu ya maradhi ya korona, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa kwa muda, yakafungwa tena, na ilikuwa hadi tarehe 10 Januari 2022 ndipo milango yote ikafunguliwa. Hakuna nchi duniani iliyowaweka watoto wake nje ya shule kwa muda mrefu kuliko huo. Waliorudi hawakuwa watoto wale walioondoka. Wavulana walikuwa wamezoea kushika fedha, kwa kufyatua matofali, kwa kuchuuza na kwa kuendesha bodaboda. Wasichana wengi walikuwa wajawazito au wenye watoto mgongoni, na miongozo ya wizara iliyotolewa mwaka 2020 iliwapa ruhusa ya kurudi. Serikali iliamua kila mwanafunzi apande darasa bila mtihani, hivyo mtoto aliyeondoka darasa la tatu akiwa anaanza kusoma sentensi aliweza kujikuta darasa la nne.

Shule zilizowapokea watoto hao kwa namna tofauti zilipata wanafunzi tofauti. Mahali ambapo msichana mwenye mtoto alipewa nafasi ya kwenda kumnyonyesha, na mwalimu akakataza kejeli darasani, aliweza kukaa. Mahali ambapo alisimamishwa mbele ya gwaride la asubuhi akafanywa mfano wa tabia mbaya, miongozo ya wizara haikumfaa kitu, maana kesho yake hakuja. Alama za mtihani hazina safu ya kuwaandika waliokwisha ondoka. Shule yaweza hata kuonekana imeboreka katika matokeo yake kwa sababu tu waliokuwa wakihitaji msaada hawapo tena, na wako walimu wakuu wanaolijua hilo vizuri kuliko wanavyopenda kukiri.

Na turejee Luwero kwa mara ya mwisho, kwani liko jambo halijatajwa. Watafiti waliporudi mwaka 2014 na kuwauliza watoto habari za maisha yao, mmoja mmoja, faraghani, watoto 434 kati ya wale 3,820 walieleza mambo mazito kiasi kwamba ilibidi wapelekwe kwa vyombo vya kuwalinda watoto. Ni karibu mtoto mmoja katika kila tisa. Watoto hao walikuwa wamo katika rejista ya shule, wakiitikia majina yao asubuhi, wakiandika tarehe juu ya ukurasa kama wenzao. Waliowauliza maswali yaliyowafungua vinywa walikuwa wageni, waliofika shuleni hapo kwa siku chache tu, kisha wakaondoka.